Mcheza Kwao Hutunzwa: Funzo la Katuni za Kijapani

Mnamo mwaka 2001 wakuu wa dini wa Saudi Arabia walitoa fatwa ya kuharimisha Pokémon, yaani ile michezo na karata za Kijapani zenye vijinyama vya kubuni ambavyo watoto wa dunia nzima walikuwa wakivishabikia. Hoja yao ilikuwa kwamba karata hizo zilikaribiana na kamari, na kwamba mlikuwa na alama zisizolingana na imani. Miaka 21 baadaye, mwaka 2022, mfuko wa uwekezaji wa dola ya nchi hiyo hiyo ulinunua zaidi ya asilimia 5 ya hisa za Nintendo, kampuni ambayo ni miongoni mwa wenye mali ya Pokémon. Na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba karibu na mji wa Riyadh patajengwa uwanja mkubwa wa burudani wa Dragon Ball, hadithi nyingine ya Kijapani.

Hatukuanza na mfano huu kwa nia ya kumcheka mtu. Kila taifa lina haki ya kuwalinda watoto wake, na kila taifa lina haki ya kuwekeza fedha zake litakavyo. Tumeanza nao kwa sababu unaeleza kwa ufupi jambo linalostahili kuzingatiwa na kila mtu mwenye dhamana ya utamaduni na malezi: burudani ya Wajapani imekuwa nguvu ambayo mataifa yaweza kuipinga, kuinunua au kuiiga, lakini hayawezi kuipuuza. Nasi wa visiwani, ambao watoto wetu hushinda mbele ya televisheni na simu za mkononi wakitazama hadithi zilizotungwa mbali, hatuna budi kuuliza: nguvu hii ilipatikanaje, na ina funzo gani kwetu?

Kwanza tuutazame ukubwa wenyewe wa jambo. Kwa hesabu za serikali ya Japani, mwaka 2022 nchi hiyo ilipata nje ya mipaka yake yapata yen trilioni 4.7 kutokana na filamu, katuni, vitabu vya picha na michezo ya video. Kiasi ambacho serikali yenyewe hukilinganisha na mauzo yake ya chuma cha pua na semikondakta. Mwaka 2023 biashara ya filamu za katuni peke yake, ambazo Wajapani huziita anime, ilifikia yen trilioni 3.3, na zaidi ya nusu ya fedha hizo zilitoka ng'ambo. Mwaka 2024 serikali ikaweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2033 mapato ya ng'ambo ya burudani zote yafike yen trilioni 20. Hayo si mambo ya mzaha. Taifa lililozoeleka kwa Toyota na redio za National sasa linauza hadithi kama lilivyouza injini.

Chimbuko lake

Wako wanaodhani kwamba Wajapani walikaa kitako wakapanga kuiteka dunia kwa katuni. La hasha! Historia yaonyesha kinyume chake. Wakati dola ya Japani ilipopanga kuitumia katuni kwa makusudi ya siasa, ilikuwa ni katika Vita Kuu vya Pili, na matunda yake yalikuwa filamu ya mwaka 1945 iliyomwonyesha Momotaro, shujaa wa ngano za kale, akiongoza wanyama wenye sare za jeshi la majini kwenda vitani. Filamu hiyo ilitoka miezi michache kabla ya Japani kushindwa, na haikuiokoa dola.

Kilichokuja kuenea duniani kilizaliwa katika majivu ya kushindwa huko. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, katika Bahari ya Pasifiki. Jivu lenye sumu ya mionzi likawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa katika mashua yao, na mmoja wao akafariki mwezi wa Septemba. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo kampuni ya Toho ilitoa filamu ya Gojira, dubwana lililoamshwa na mabomu hayo likatoka baharini na kuiteketeza Tokyo. Mataifa ya nje yaliliita Godzilla na kulichukulia kuwa kichekesho. Lakini Mjapani wa mwaka 1954 aliyeketi ukumbini hakuwa akicheka. Alikuwa akiona miji yake ikiungua kwa mara nyingine. Miaka 70 baadaye, mwezi wa Machi 2024, filamu mpya ya dubwana hilo hilo, iliyorudi katika huzuni ile ile ya baada ya vita, ilipata tuzo ya Oscar kwa ufundi wa picha.

Hali kadhalika Osamu Tezuka, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa fani hii. Tezuka alizaliwa mwaka 1928, akasomea udaktari, akaishi katika vita, na akaanza kuchora hadithi za picha katika nchi iliyokuwa maskini. Alizipenda mno filamu za Disney na hakuficha kuwa alijifunza kwazo. Mwaka 1952 alianza hadithi ya Atomu, mtoto wa chuma mwenye moyo wa kibinadamu, na tarehe 1 Januari 1963 hadithi hiyo ikaanza kuonyeshwa katika televisheni ya Fuji kila juma, kwa nusu saa. Mwaka huo huo ikauzwa Marekani. Tezuka alikopa ufundi kwa mgeni, lakini swali alilolijibu lilikuwa la kwao: taifa lililoangamizwa kwa sayansi litaishije na sayansi?

Hapo ndipo penye siri ya kwanza. Katuni hizi hazikutungwa kumridhisha mgeni. Zilitungwa kwa lugha ya wenyewe, kwa watoto wa wenyewe, kuhusu hofu na matumaini ya wenyewe. Soko lao la kwanza lilikuwa nyumbani, kwa watu wapatao milioni 100 wa miaka ya 1960, wote wakisoma lugha moja. Gazeti moja tu la hadithi za picha za watoto wa kiume, Shonen Jump, lililoanzishwa mwaka 1968, lilifikia katikati ya miaka ya 1990 kuchapisha nakala zaidi ya milioni 6 kwa juma. Mwandishi ambaye hadithi yake haikupendwa na wasomaji aliondolewa bila ya huruma. Kilichobaki kilikuwa kimekwisha kupita katika tanuri. Wahenga wetu walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jinsi zilivyoenea

Siri ya pili ni bei. Maadam gharama za kutengeneza katuni zilikwisha kurudi, au zilitarajiwa kurudi, kwa mauzo ya nyumbani na ya vitu vya kuchezea, Wajapani waliweza kuwauzia wageni kwa bei nafuu. Na wanunuzi walikuwapo. Katika miaka ya 1970 na 1980 televisheni zilikuwa zikiongezeka kila pahali, nazo zilikuwa na njaa ya vipindi. Mwaka 1978 televisheni ya Ufaransa ilianza kuonyesha Goldorak, hadithi ya mwanamfalme wa sayari ya mbali na roboti lake. Katuni hiyo hiyo ikatiwa sauti ya Kiarabu huko Lebanoni, ikaenea katika nchi za Kiarabu kwa jina la Grendizer. Watoto waliokuwa wakisikia mizinga ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nje ya madirisha yao waliona katika kioo kijana aliyenyang'anywa nchi yake akiipigania nchi iliyomkaribisha.

Nchi za Ghuba zilifanya jambo la busara zaidi. Mwaka 1976 serikali zao ziliunda taasisi moja ya pamoja, yenye makao yake Kuwait, kwa ajili ya kutengeneza vipindi vya watoto kwa Kiarabu fasihi. Ndugu zetu wengi walioko Maskati na Dubai, ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwao, walikulia katika kizazi cha Adnan na Lina. Katuni hiyo kwa asili ni kazi ya Hayao Miyazaki ya mwaka 1978 kuhusu watoto waliosalia baada ya vita vilivyoizamisha dunia. Ilipokuja kwa majina ya Adnan na Lina, na kwa Kiarabu kilichosafishwa, watoto hawakujua kwamba ni ya Wajapani, na walijifunza lugha fasihi kwayo kuliko walivyojifunza katika madaftari mengi ya skuli.

Mfano mwingine ni ule wa Captain Tsubasa, hadithi ya kijana mcheza mpira iliyoanzishwa na Yoichi Takahashi mwaka 1981, wakati Japani haikuwa imewahi kushiriki hata mara moja katika Kombe la Dunia. Waarabu walimwita Kapteni Majid. Watoto wa Kijapani waliomsoma walikua, ligi ya kulipwa ikaanzishwa mwaka 1993, na mwaka 1998 Japani ikaingia katika fainali za Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Tangu hapo haikukosa hata moja. Hatusemi kwamba ni kitabu peke yake kilicholeta hayo. Lakini hakuna Mjapani mpenda mpira atakayekana kwamba kitabu kilitangulia. Na mwaka 2004, Japani ilipopeleka askari wake Samawa, kusini ya Iraki, magari yaliyosambaza maji kwa raia kwa msaada wa serikali yake yalibandikwa picha za Tsubasa, ili wenyeji wamtambue Kapteni Majid wao. Mwenye kuelewa siasa ataelewa maana yake. Askari wa kigeni katika nchi yenye vita alitafuta kibali kwa picha ya mtoto mwenye mpira.

Mataifa yalivyojibu

Si kila aliyegongewa hodi alifungua mlango. Tuzitazame nchi nne, kwani katika majibu yao mna funzo kwa kila afisa anayeshika kalamu ya kuruhusu na kukataza.

Ufilipino, chini ya Rais Ferdinand Marcos, ilipiga marufuku katuni ya Voltes V mwaka 1979, pamoja na nyingine za maroboti, kwa hoja kwamba zilikuwa za vurugu mno kwa watoto. Katuni hiyo ilikatwa ilipokuwa ikikaribia mwisho wake, ambapo watu wanaondoa utawala wa dhuluma. Na wananchi wengi walisadiki kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kweli. Matokeo yake yakawa kinyume cha makusudio. Katuni ya watoto ikageuka kuwa kumbukumbu ya uhuru. Marcos alianguka mwaka 1986 na Voltes V ikarudi. Na mwaka 2023 televisheni ya Ufilipino ikatoa tamthilia yake yenyewe ya hadithi hiyo, kwa idhini ya Wajapani wenye haki nayo.

Korea ya Kusini ilikuwa na sababu nzito zaidi. Ilitawaliwa na Japani tangu 1910 hadi 1945, ikakatazwa hata lugha yake. Na kwa zaidi ya miaka 50 baada ya ukombozi iliuzuia utamaduni wa Kijapani kuingia. Hata hivyo katuni zilipenya, zikiwa zimebadilishwa majina, na watoto wa Kikorea walidhani ni zao. Wakati huo huo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, wachoraji wa Kikorea walikuwa wakifanya kazi za kijungujiko kwa makampuni ya Kijapani, wakijifunza ufundi. Mwaka 1998 Rais Kim Dae-jung alianza kuifungua milango hatua kwa hatua. Waliohofu kwamba utamaduni wa Korea utamezwa walikosea. Kwani katika miaka iliyofuata ni tamthilia na muziki wa Korea ndivyo vilivyofurika Japani na dunia nzima, hata visiwani kwetu.

Ufaransa ilibishana. Mwaka 1989 mbunge Ségolène Royal, aliyekuja kuwa waziri na mgombea urais, aliandika kitabu cha kulaumu vipindi vya watoto katika televisheni, na katuni za Kijapani zikiwamo. Ufaransa ikaweka sheria ya kuvitengea vipindi vya Kifaransa na vya Ulaya sehemu kubwa ya saa za matangazo, ikawasaidia watengenezaji wake kwa fedha, na leo fani yake ya katuni ni miongoni mwa zenye nguvu katika Ulaya. Lakini upendo haukatazwi kwa sheria. Mwaka 2021 serikali ilipompa kila kijana wa miaka 18 euro 300 za kununulia utamaduni, wengi walikwenda moja kwa moja katika maduka ya vitabu kununua vitabu vya picha vya Kijapani.

China ilizuia na kujenga kwa pamoja. Tangu Septemba 2006 iliziondoa katuni zote za kigeni katika saa za jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, na nafasi iliyoachwa ikajazwa na katuni za Kichina. Nyingi za mwanzo zilikuwa duni. Lakini wachoraji walipata kazi, walipata mazoezi, na walipata watazamaji. Mwaka 2025 filamu ya Ne Zha 2, iliyotokana na ngano ya kale ya Kichina, ilivunja rekodi ya mapato ya filamu zote za katuni katika historia, na sehemu kubwa kabisa ya fedha hizo ilitoka kwa Wachina wenyewe.

Tukizipima nchi hizi katika mizani moja, tunaona kwamba marufuku peke yake haikushinda pahali popote. Palipokuwa na marufuku bila ya kujenga, mtoto alingoja mpaka mkatazaji akaondoka. Palipokuwa na kujenga, hata kufungua mlango hakukuleta madhara yaliyohofiwa.

Serikali na msanii

Je, serikali ya Japani ilifanya nini? Jibu litawashangaza wanaodhani kwamba kila kitu huanzia wizarani. Kwa miaka mingi haikufanya mengi. Ilizinduka katika miaka ya 2000, ng'ambo ilipokwisha kuwaka. Mwaka 2008 Wizara ya Mambo ya Nje ilimteua Doraemon, paka wa katuni, kuwa balozi. Mwaka 2010 wizara ya uchumi ikafungua ofisi maalumu. Mwezi wa Novemba 2013 ukaundwa mfuko wa fedha za umma na za makampuni, kwa jina la Cool Japan, ili kuusukuma utamaduni wa nchi ng'ambo. Kufikia Machi 2022 mfuko huo ulikuwa na hasara ya yen bilioni 30 na ushei, kwani fedha nyingi zilikwenda katika maduka na miradi ya ng'ambo isiyokuwa na wateja. Mwaka 2016 Waziri Mkuu Shinzo Abe alijitokeza Rio de Janeiro akiwa amevaa kama Mario wa Nintendo, na dunia ikampigia makofi. Lakini Mario hakuzaliwa katika ofisi ya Waziri Mkuu. Alizaliwa katika kampuni iliyoanza mjini Kyoto mwaka 1889 kwa kutengeneza karata za kuchezea.

Pahali ambapo serikali ilihitajika hasa, haikuonekana. Pahali hapo ni katika ujira wa mchoraji. Hili ndilo jambo lenye uzito kuliko yote, na aghalabu wanaosifu katuni za Kijapani hulifumbia macho. Tezuka alipoiuza katuni yake ya kwanza kwa televisheni mwaka 1963, aliiuza chini ya gharama zake, akitegemea kufidiwa na mauzo ya vitu vyenye sura ya Atomu. Mwaka 1973 kampuni aliyoiasisi ikafilisika. Lakini bei ile ndogo ikabaki kuwa desturi. Uchunguzi wa chama cha wachoraji uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mchoraji wa ngazi ya chini alipata yapata yen milioni 1.1 kwa mwaka, kiasi kisichotosha kuishi Tokyo. Mwezi wa Mei 2024 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliitaja fani ya katuni ya Japani miongoni mwa pahali penye unyonyaji wa wafanyakazi.

Sababu yake si uchache wa fedha, kwani tumekwisha kuona trilioni hizo. Sababu ni mfumo wa umilikaji. Katuni nyingi hugharimiwa na kamati ya makampuni: mchapishaji wa vitabu, televisheni, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea, kampuni ya muziki. Kamati ndiyo mwenye mali. Studio inayochora hulipwa ujira wa kuchora, basi. Hata katuni ikiwa dhahabu, yenyewe haina fungu. Ni kama mshona nguo anayelipwa kwa mshono mmoja mmoja, ilhali mwenye duka anauza kanzu hiyo hiyo kwa bei aipendayo. Ziko studio zilizokataa desturi hiyo. Kyoto Animation, iliyopatwa na msiba wa kuchomwa moto tarehe 18 Julai 2019 na kupoteza watu 36, ilisifika kwa kuwaajiri wachoraji wake kwa mishahara na kuwafundisha yenyewe. Na kazi zake zilihesabiwa kuwa miongoni mwa bora. Kumbe ubora na haki vyaweza kukaa nyumba moja.

Maana yake kwetu

Huenda msomaji akauliza: Japani ni taifa tajiri, sisi tuko wapi? Yafaa ikumbukwe kwamba uhusiano wetu na Wajapani katika mambo ya sanaa na biashara si wa jana. Kabla na baada ya Vita Kuu vya Pili viwanda vya Japani vilichapa kanga kwa ajili ya soko la Afrika ya Mashariki, zikiwa na majina ya Kiswahili yaliyoandikwa sawasawa. Mchapaji wa kule hakuijua lugha yetu. Lakini alimsikiliza mfanyabiashara wa huku, na mfanyabiashara aliwasikiliza kina mama. Aliyejua ladha ni mama wa Unguja na Mombasa, na aliyepata faida ya kiwanda ni mwingine. Hadithi za watoto zisitufikishe hapo hapo.

Wala hatukosi mali ghafi. Tunao Abunuwasi, ambaye asili yake ni Baghdadi lakini amekwisha kuwa mwenyeji wa pwani hii kuliko wengi wetu. Tunao Sungura na Fisi. Tunazo safari za majahazi na misimu ya kaskazi na kusi. Tunayo lugha ambayo UNESCO inakisia kuwa inasemwa na watu zaidi ya milioni 200, idadi inayoipita mara mbili ile ya Wajapani walipokuwa wakimtazama Atomu. Ni kweli kwamba watu hao wametawanyika katika nchi nyingi na kipato chao ni kidogo. Lakini hoja ya kwamba soko halipo haina msingi. Hata ufundi haukuwa mgeni kwetu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka ishirini kabla ya Tanzania Bara kuwa na televisheni yoyote. Na tangu mwaka 2014 Ubongo Kids ya Dar es Salaam imethibitisha kwamba katuni ya Kiswahili yaweza kutengenezwa hapa hapa na kupendwa na watoto wa nchi kadhaa.

Lakini iko tahadhari. Uchoraji wa Tingatinga, uliopewa jina la Edward Saidi Tingatinga aliyefariki mwaka 1972, ulizaa mwaka 2010 katuni iliyoonyeshwa katika televisheni ya watoto ya Uingereza. Ilichorwa Nairobi, kwa ustadi wa vijana wa Afrika ya Mashariki. Lakini kampuni iliyoiongoza ilikuwa ya Kiingereza. Vijana walipata kazi na mafunzo, na hilo ni jema. Hata hivyo swali la studio za Tokyo ndilo hilo hilo la studio za Nairobi: nani mwenye mali?

Kwa hiyo twaona yafaa mambo manne yazingatiwe na wenye dhamana.

La kwanza, televisheni ya umma iwe mnunuzi wa uhakika. Itenge saa ya jioni kwa ajili ya hadithi za watoto za Kiswahili, na itangaze bei itakayolipa kwa kila kipindi kitakachofikia kiwango. Msanii hahitaji hotuba. Anahitaji mnunuzi atakayekuwapo mwakani. Kazi za mwanzo zitakuwa dhaifu, kama zilivyokuwa za China. Zivumiliwe.

La pili, bei hiyo isiwe ile ya Tezuka. Kila mkataba utakaogharimiwa kwa fedha za umma umwachie mtunzi na studio fungu katika haki za kazi yao. Hakimiliki tunayo katika sheria na ofisi yake tunayo; kinachotakiwa ni kwamba mchoraji kijana wa Chake Chake ajue kabla ya kutia saini ni kitu gani anauza na ni kitu gani anabakiza.

La tatu, katuni nzuri za kigeni zitiwe sauti ya Kiswahili kwa utaratibu na kwa idhini. Watu wetu wamekwisha kuonyesha kiu hiyo: katika vibanda vya video filamu za Kihindi, Kichina na Kikorea husimuliwa kwa Kiswahili, na watazamaji hujaa. Vipaji vipo, ila vinafanya kazi pembeni ya sheria. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake hapa hapa Zanzibar. Lililofanywa na nchi za Ghuba tangu mwaka 1976 kwa ajili ya Kiarabu laweza kufanywa na nchi zetu kwa ajili ya Kiswahili, kwa kuchangia gharama, ili mtoto wa Wete, wa Kisumu na wa Bukavu wasikie lugha moja iliyo safi.

La nne, wenye kazi ya kukagua wasiiache kazi yao, kwani si kila katuni ni ya mtoto, na Wajapani wenyewe huzitenga za watu wazima na za wadogo. Mzazi ana haki ya kujua ni ipi ni ipi. Lakini ukaguzi uwe wa kueleza umri na maudhui, uliofanywa na mtu aliyeitazama kazi yenyewe, wala usiwe mbadala wa kujenga. Mkono unaofuta pasipo mkono unaoandika huacha ubao mtupu, na ubao mtupu hujazwa na mpita njia.

Mwaka 1971 mpiga kinanda wa Kobe, Daisuke Inoue, aliunda mashine ya kupigia muziki usiokuwa na mwimbaji ili walevi wa baa waimbe wenyewe. Hakuiandikisha kwa hati ya uvumbuzi. Karaoke ikaenea dunia nzima, na matajiri wake wakawa wengine. Taifa la Japani limejifunza kwa gharama kubwa kwamba kubuni si kumiliki, na kwamba kupendwa na dunia si kumlisha aliyebuni. Sisi tunaweza kujifunza bila ya kulipa gharama hiyo, tukitaka.

Mcheza kwao hutunzwa. Methali hii huelezwa kuwa ni sifa ya mchezaji. Kwa hakika ni wajibu wa watazamaji. Tezuka alicheza kwao, na wa kwao wakamtazama kila juma mpaka akasikika ng'ambo. Watoto wetu wako tayari mbele ya kioo jioni hii. Kinachongojwa ni sisi watu wazima, wenye bajeti na mihuri, kuamua kama ngoma ya hapa itakuwa na mtu wa kuitunza.